Tumekuta udongo nyuma ya kabati: tubomoe sakafu, tumwage oili, au tupake rangi tuuze?

Swali: "Nyumba yetu ina miaka sita. Tulipohamisha kabati la chumbani ili ukuta upakwe rangi, tukakuta mstari wa udongo umepanda kutoka kwenye skatingi hadi karibu na dirisha. Fremu ya mlango wa chumba hicho nayo ukiigonga inalia kama debe tupu. Fundi wa kwanza anasema tubomoe sakafu. Wa pili anasema tumwage oili chafu kuzunguka nyumba. Jirani anasema tutafute kichuguu tumtoe malkia. Mume wangu anaona tuzibe, tupake rangi, maisha yaendelee, maana mwaka ujao au mwingine tunataka kuuza. Je, thamani ya nyumba imeshapotea? Tuanzie wapi?"

Jibu:

Dada yangu, kabla ya yote mwambie shemeji aweke brashi chini. Mstari ule wa udongo ndio shahidi pekee mlio naye. Unaonyesha wadudu wametokea wapi, wanaelekea wapi, na kama bado wapo. Mkiupangusa na kupaka rangi juu yake, mchwa hapungui hata mmoja. Mtakuwa mmejinyima uwezo wa kumwona tu, na baada ya miezi michache atatokea kwingine, pengine juu ya dari ambako hakuna anayetazama.

Thamani haijapotea. Nyumba nyingi zimeingiliwa na mchwa, zikatibiwa vizuri, zikauzwa bila shida. Kinachoua bei ni siri. Mnunuzi akigundua mwenyewe atakadiria hasara kubwa kuliko iliyopo, kwa kuwa hana njia ya kujua uharibifu umeishia wapi. Ndiyo maana karibu kila ushauri ninaokupa hapa unarudi palepale: huwezi kumzuia mchwa asiijaribu nyumba yako, ila unaweza kuhakikisha haingii bila kuonekana.

Anza na jaribio dogo. Chukua bisibisi na tochi. Vunja kipande cha upana wa vidole viwili katikati ya ule mstari, usivunje wote, halafu tulia utazame. Kama njia ina uhai, utaona vijidudu vyeupe, laini, vikikimbia huku na huko. Baada ya muda watasogea wachache wenye vichwa vikubwa vya kahawia na kusimama kwenye kingo za tundu, hao ni askari. Nyuma yao wafanyakazi wataanza kuleta chembe za udongo moja moja, kila moja imelowanishwa kwa mate, wakizibandika ukingoni. Rudi baada ya siku mbili au tatu. Ukikuta kiraka chenye rangi iliyoiva kuliko udongo wa zamani, kazi inaendelea. Usipokuta kiraka, usishangilie bado. Huenda wameiacha njia hiyo na kufungua nyingine, na udongo mkavu si ushahidi kwamba wameondoka.

Kisha ichome fremu kwa ncha ya bisibisi, kuanzia chini kabisa inapogusa sakafu, ukipanda kiganja kwa kiganja. Mchwa hula mbao kutoka ndani na kuacha rangi na ngozi nyembamba ya nje, ndiyo maana fremu inaonekana nzima huku ndani imebaki tabaka tabaka, kama kurasa za daftari lililolowa, katikati yake pamejaa matope makavu. Weka alama ya penseli mahali bisibisi inapoacha kuzama. Alama hiyo itakusaidia baadaye kujua kama uharibifu umesimama au unapanda.

Kwa maelezo yako, wenu ni mchwa wa ardhini. Natilia mkazo hili kwa sababu wapo pia mchwa wa mbao kavu, na dawa zao ni mbalimbali kabisa. Wale wa mbao kavu hawajengi njia za udongo wala hawahitaji kugusa ardhi. Koloni zima linaweza kuishi ndani ya mguu wa kitanda. Dalili yao ni punje ngumu ndogo kama mchanga mnene, zimerundikana chini ya kitundu kidogo kwenye mbao, na ukiziweka chini ya kioo cha kukuza utaona zina pande sita. Anayekuta punje hizo akamwaga dawa ardhini amelisha udongo bure. Huko kazi ni kutibu mbao yenyewe, kuipasha joto mpaka kiini chake, kufukiza kwa gesi chini ya mtaalamu, au kukitoa kipande hicho ndani ya nyumba.

Na mkiona wadudu wenye mabawa wakizunguka taa baada ya mvua, msiogope kila mdudu. Kumbikumbi, yaani mchwa mwenye mabawa, ana kiuno kinene, vipapasio vilivyonyooka, na mabawa manne ya urefu mmoja yanayodondoka kirahisi. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyokunjika kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi walioingia kwa dirisha kufuata taa ni wageni wa usiku mmoja. Mkiwaona wanatoka kwenye ufa wa sakafu au nyuma ya fremu, basi koloni liko chini yenu.

Sasa tuelewane kuhusu mdudu mwenyewe, maana ushauri mbaya mwingi unatokana na kutomjua. Mchwa si ndugu wa sisimizi kama wengi wanavyodhani. Jamaa zake wa karibu ni mende. Aina zinazojulikana duniani ni takriban 3,000, na nyingi hazina habari na nyumba ya mtu, zinalainisha udongo na kuozesha majani huko porini. Hao wachache wanaotusumbua wana udhaifu mmoja mkubwa: ngozi yao ni nyembamba na hukauka upesi. Ile njia ya udongo ni ushoroba uliofunikwa unaobeba unyevu kutoka ardhini hadi kwenye chakula, na pia huwaficha wasiliwe na sisimizi. Ukikata unyevu, umewakata miguu.

Nirudi kwa washauri wako watatu.

Kubomoa sakafu hakuhitajiki. Mchwa hawali zege, wanapita kwenye nyufa zake, kandokando ya mabomba, na pale sakafu inapokutana na ukuta. Ufa wenye unene wa sarafu unawatosha. Njia hizo hutibiwa kwa kutoboa vitundu vyembamba kwa keekee, na hakuna haja ya kugeuza chumba kifusi.

Oili chafu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu huonekana kufanya kazi. Mchwa huikwepa kwa muda, wakazunguka, na mwenye nyumba akalala. Wakati huohuo ile oili ina mabaki ya metali na kemikali zinazohusishwa na saratani, inazama kuelekea maji ya kisima, inaua mimea, na kwenye mbao inaacha uchafu ambao rangi haishiki tena. Mafuta ya taa nayo yanaongeza hatari ya moto. Chumvi na majivu haviharibu sana, lakini mvua moja tu vimekwisha.

Malkia ni habari yenye ukweli nusu. Kwa baadhi ya mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa, malkia huishi zaidi ya miaka kumi akitaga maelfu ya mayai kila siku, na akitolewa koloni lake linaweza kufifia. Lakini aina nyingine huwa na malkia zaidi ya mmoja, au humkuza mwingine badala ya aliyekufa, na nyingine hazina kichuguu kinachoonekana kabisa. Hata mkimpata, nani kawaambia wanaoingia chumbani kwenu wametoka kwenye kichuguu kile? Nimewahi kuona watu wakichimba shimo refu kuliko mtu mzima, wakamtoa malkia wakampiga picha, na wiki mbili baadaye fremu ileile ikawa na udongo mbichi. Tena shimo lenyewe lilikuwa limekaribia msingi kuliko nilivyopenda.

Basi kazi ianzie kwenye maji. Zunguka nyumba wakati mvua inanyesha, si baada ya kukatika. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi, gata ipi imeziba, bomba la kiyoyozi linadondokea wapi, na kama ardhi inateremka kuelekea ukuta badala ya kutoka. Ndani, fungua kabati la chini ya sinki. Kagua nyuma ya choo. Kama chumba mlichokuta udongo kinapakana na bafu, hapo ndipo ningeanza hata kabla sijafika. Mara nyingi bomba linalovuja polepole ndani ya ukuta ndilo lililowaalika, na dawa ikimwagwa kabla ya kuliziba, maji yataisomba na unyevu utawaita tena.

Baada ya maji, tafuta kila mahali mbao au karatasi inapogusa udongo. Rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, mirunda iliyobaki tangu ujenzi, maboksi ya vitabu yaliyokaa sakafuni stoo, nguzo ya kibaraza iliyozikwa ardhini, kisiki cha mti uliokatwa bila kung'olewa. Fundi waliojenga nao wana tabia moja: vipande vya mbao za shata, zile za kushikilia zege likikauka, na mifuko ya saruji hufukiwa pamoja na kifusi chini ya sakafu au kando ya msingi. Hiyo ni karamu ya miaka. Ukichimba mkono mmoja nje ya ukuta wa chumba chenu ukakuta mabanzi yaliyooza, umepata nusu ya jibu.

Halafu ukingo wa msingi. Huu ndio ninaogombania na wenye nyumba kila siku, kwa sababu unahusu urembo. Watu hupenda kitalu cha maua kipandishwe hadi ukutani, au vigae vya uwanja viinuliwe mpaka kwenye plasta. Matokeo yake mchwa hupanda nyuma ya udongo au nyuma ya plasta, wakaibukia dirishani bila mtu kuona chochote. Shusha udongo mpaka sehemu ya msingi ionekane kuzunguka nyumba nzima. Viwango vya Australia, nchi inayoteswa sana na mchwa, vinatambua ukingo wa zege ulioachwa wazi kwa angalau milimita 75 kuwa sehemu ya ukaguzi. Wanaotaka kuvuka watalazimika kujenga njia yao hapo mchana kweupe, na wewe unapita na kikombe chako cha chai unaiona. Tunaambiwa tangu utotoni usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mchwa ningeongeza: ukishaona udongo umetokea kwenye ufa, usiuzibe mpaka ujue unatoka wapi.

Sasa dawa. Zamani watu walitumia klodani, aldrini, dieldrini na heptaklori, zilizodumu ardhini miaka mingi mno, zikaingia kwenye maji, maziwa na miili ya watu. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001, ulioanza kutumika 2004, ulizitaja zote nne miongoni mwa kemikali za kwanza za kukomeshwa. Mtu akikunong'oneza kwamba anayo "ile ya zamani yenye nguvu", mwonyeshe mlango.

Za sasa ziko za namna mbili. Zipo zinazofukuza, kama bifentrini na sipamethrini. Mchwa huzihisi na kugeuka, hivyo penye pengo lisilopata dawa watalitafuta hadi walipate. Zipo zisizofukuza, kama fipronili na imidaklopridi. Hawazitambui, wanapita ndani yake, wanarudi kwa wenzao, na kwa kuwa hulambana na kulishana mdomo kwa mdomo, sumu husambaa. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ambapo huwezi kufikia kila pengo, nachagua za aina ya pili. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na hapo subira huwaishia wengi. Wanachukua dawa ya mbu ya kopo na kupuliza kwenye njia za udongo. Wanaua mia moja mbele ya macho yao na kuwafukuza maelfu watoke kwenye ile dawa iliyokuwa inawamaliza polepole. Usifanye hivyo.

Kazi yenyewe inavyofanywa: nje, unachimbwa mtaro mdogo kuufuata msingi, wa upana na kina kama sentimita 15, dawa iliyochanganywa na maji inamiminwa humo na kwenye udongo unaorudishwa. Ndani, zinatobolewa tundu kando ya kuta zilizoathirika, takriban kila sentimita 30, dawa inasukumwa chini ya zege, kisha tundu zinazibwa kwa saruji. Kabla keekee haijawashwa, onyesheni mabomba na nyaya zinapopita, na mtaje kisima kama kipo, maana karibu na kisima utaratibu hubadilika.

Nikupe kipimo cha kumkamata fundi mbabaishaji. Lebo za dawa hizi kwa kawaida hutaka karibu lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Nyumba yenye mzunguko wa mita 40, kwa kina cha sentimita 30, itakunywa kama lita 200 kwa upande wa nje peke yake. Fundi anayekuja na bomba la mgongoni la lita 16 na kumaliza nyumba nzima kabla ya chai ya saa nne amekunyunyizia vumbi. Mwombe aje na chupa ambayo haijafunguliwa, soma jina la kiambato na tarehe, piga picha lebo, na uhesabu mapipa yanayochanganywa. Kama lebo ya dawa aliyoleta inasema tofauti na mimi, fuata lebo. Asiyekubali kuulizwa haya, mshukuru na umlipe nauli.

Ipo njia nyingine ya chambo: vituo vidogo huzikwa kuzunguka nyumba vikiwa na chakula chenye kemikali inayowazuia kujibadili ngozi, hivyo wafanyakazi hufa wanapofika wakati wa kujivua. Hutumia sumu kidogo sana na kwa baadhi ya aina hufanya vizuri, lakini mchwa wanaolima uyoga ndani ya viota vyao huwa wagumu kuvutwa na chambo, na vituo visipokaguliwa mara kwa mara ni mapambo ya bustani.

Fremu ile ing'oeni, ila baada ya dawa kufanya kazi, siyo kabla. Nilishakuta fremu mpya ikitafunwa mwezi mmoja tangu ipakwe vanishi kwa sababu walitangulia kubadilisha mbao. Mkiing'oa, tazameni ukuta ulio nyuma yake, na mtu apande darini akague kenchi zilizo juu ya chumba hicho, akichoma kila mbao pale inapokaa juu ya ukuta. Fremu ni urembo, lakini kenchi iliyoliwa ni usalama, na hapo aitwe fundi wa paa au mhandisi. Mbao ya kurudishia iwe imetibiwa kwa dawa kwa shinikizo, au iwe ngumu kwa asili kama mvule au mtiki. Hata hiyo angalia sehemu unayouziwa: kiini cha mti ndicho kinachohimili, ile mbao nyeupe ya pembeni ni chakula kama nyingine, hata ikitoka kwenye mti wenye sifa. Kila ncha itakayokatwa kazini ipakwe dawa upya, kwa sababu msumeno umefungua ndani ambako dawa ya kiwandani huenda haikufika. Fremu ya chuma haitaliwa, lakini watapita nyuma yake kwenda kwenye kabati.

Turudi kwenye bei. Anzisheni faili leo: picha za ule mstari kabla hamjaugusa, picha ya fremu yenye alama za penseli, ripoti ya mkaguzi, jina na kiasi cha dawa, tarehe, ramani ya tundu zilipotobolewa, risiti, na dhamana kama ipo. Msihesabu bima. Katika nchi nyingi bima ya nyumba hailipi hasara ya mchwa, kwa hoja kwamba ni suala la matunzo. Na kwingi, muuzaji aliyeijua kasoro akaificha anaweza kudaiwa hata baada ya nyumba kubadili mikono, hivyo mpango wa shemeji wa kupaka rangi una gharama asiyoiona. Mnunuzi mkimpa faili hilo pamoja na ripoti ya ukaguzi ya karibuni, mnazungumza naye juu ya jambo lililokwisha. Ningependa mpitishe angalau msimu mmoja wa mvua baada ya tiba kabla ya kuitangaza nyumba, ili ripoti hiyo iwe na uzito.

Kwa anayesoma haya akiwa bado kwenye msingi: una bahati. Ng'oa visiki, ondoa mabanzi yote kwenye kifusi, na udongo ulioshindiliwa utibiwe kabla ya nailoni na zege, kwa kawaida kama lita 5 kwa mita ya mraba, siku isiyo na dalili ya mvua. Baada ya hapo mtu asichimbe tena kupitisha bomba alilolisahau. Zipo pia wavu wa chuma kisichoshika kutu na tabaka la kokoto zilizochaguliwa kwa ukubwa ambao mchwa hawezi kuzibeba wala kupenya katikati yake, na hizo haziishi nguvu kama dawa.

Ninyi, dada, mkimaliza kagueni wenyewe kila baada ya miezi mitatu, na mtaalamu aje mara moja kwa mwaka. Kabati likirudi chumbani, liacheni mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, tochi ipite.